Sadaka ya Wajerumani wa Philadelphia ilikuwa na meno

Mnamo mwaka wa 1738 kijana mmoja wa Kijerumani, Johann Heinrich Keppele, aliabiri merikebu kwenda kutafuta maisha katika koloni la Pennsylvania. Alifika salama, akafanya biashara, akatajirika, akawa miongoni mwa watu wa kutajika mjini Philadelphia. Hata hivyo, katika kumbukumbu zake aliacha hesabu moja ya ajabu. Aliandika kwamba abiria wa merikebu ile walikuwa 312 na nusu, na kwamba 250 kati yao walifia baharini, bila ya kuwatia hesabuni wale waliokata roho baada ya merikebu kutia nanga.

Msomaji huenda akajiuliza, nusu mtu ni mtu wa namna gani? Ni mtoto. Wenye merikebu walihesabu abiria wao kwa nauli, na kwa kuwa mtoto alitozwa nusu nauli, kwenye daftari la nahodha aliandikwa nusu mtu. Keppele, ambaye hakuwa mtu katili, aliinakili hesabu hiyo kama alivyoikuta.

Nimeikumbuka nusu hiyo majuzi katika mkutano wa mchango mtaani kwetu. Binti wa jirani yangu mmoja, aliyepelekwa Ghuba na wakala kufanya kazi za nyumbani, alikuwa amekwama huko. Mwajiri alimpokonya pasipoti, akasema hatamwachilia mpaka arudishiwe fedha zote alizomlipa wakala kwa kumleta. Tulichanga. Mama mboga alitoa, mwalimu alitoa, kijana wa bodaboda alitoa, nami nilitoa. Fedha zikatumwa, binti akarejea akiwa amekonda na mwenye mkono uliovunjika ukaunga vibaya. Tulimshukuru Mungu, tukanywa chai, tukatawanyika. Na wakala yule? Ofisi yake ingali wazi, na siku ile ile binti alipotua wapo wasichana wengine waliokuwa wamepanga foleni mlangoni pake na vyeti mkononi.

Ama kwa hakika sisi Wakenya si wachoyo. Nani asiyejua harambee? Tunachangia matibabu, karo, arusi na mazishi, na wenzetu walioko ng'ambo wanachanga kurejesha maiti za ndugu zao nyumbani. Lililonikereketa usiku ule ni kwamba mchango wetu, kwa wema wake wote, ulimlipa mtu gharama za kumtesa binti yetu. Ndipo nikaanza kuwafikiria hao Wajerumani wa karne ya 18, ambao walikumbana na jambo linalofanana mno na hili, na ambao sadaka yao ilichukua njia nyingine.

Kwanza tuelewe walivyokuwa wakisafiri. Pennsylvania ilianzishwa na William Penn, mfuasi wa dini ya Marafiki, hao hao ambao wamishonari wao walifika Kaimosi mwaka wa 1902. Penn aliahidi uhuru wa dini na ardhi tele, na Wajerumani waliochoshwa na vita, kodi na njaa katika bonde la mto Rhine waliisikia ahadi hiyo. Wa kwanza walianzisha kijiji cha Germantown mwaka wa 1683. Baadaye walimiminika kwa maelfu, na wimbi lao kubwa kabisa likawa kati ya 1749 na 1754.

Wengi wa hao waliofuata hawakuwa na nauli. Wafanyabiashara wa Rotterdam na manahodha wa Kiingereza walikuwa na dawa ya tatizo hilo: panda sasa, utalipa baadaye. Abiria akifika Philadelphia alipewa muda mfupi wa kutafuta jamaa au rafiki wa kumkombolea deni. Asipopatikana, nahodha alitangaza magazetini kuwa ana Wajerumani wa kuuza, wanunuzi wakapanda merikebuni kuwakagua, na mhamiaji akatia saini mkataba wa kumtumikia yule aliyelilipa deni lake. Mtu mzima alitumikia miaka mitatu hadi sita au zaidi. Watoto wengi walifungwa mpaka watimize miaka 21. Mume angeweza kuchukuliwa na bwana mmoja, mke na bwana mwingine, na watoto na wa tatu, na hao watatu wakaishi mbalimbali kiasi cha kutoonana tena.

Haya tunayafahamu kwa sehemu kubwa kupitia kwa Gottlieb Mittelberger, mwalimu aliyesafiri mwaka wa 1750 akisindikiza kinanda cha kanisa, akarejea Ujerumani mwaka wa 1754 na kuchapisha kitabu miaka miwili baadaye. Yafaa tukumbuke kwamba Mittelberger aliandika ili kuwatisha wenzake wasisafiri, kwa hiyo hakupunguza chumvi. Lakini aliyoyasema hayakuwa ndoto. Alieleza jinsi mashua zilivyosimamishwa kwenye vituo 36 vya ushuru njiani kuelekea Uholanzi, msafiri akila akiba yake katika kila kituo, hata akafika pwani hana kitu. Alieleza chakula kilichooza, maji meusi yenye wadudu, na watoto 32 wa merikebu yake waliokufa na kutupwa baharini. Alieleza pia kwamba mtu akifa merikebu ikiwa imepita nusu ya safari, mjane wake au watoto walilazimika kulipa nauli ya marehemu pamoja na zao. Mauti yenyewe hayakulifuta deni.

Na nani aliyewashawishi watu hawa kuondoka kwao? Walikuwapo watu walioitwa Neuländer, yaani watu wa nchi mpya. Hawa walikuwa Wajerumani waliokwisha kukaa Marekani, wakarudi vijijini kwao wamevaa nguo nzuri, saa ikining'inia kifuani, wakasimulia habari za nchi ambako mtumishi hugeuka bwana. Walilipwa na wafanyabiashara kwa kila kichwa walichokileta. Msomaji ambaye amewahi kumwona wakala wa siku hizi akishuka katika gari la kukodi kijijini na picha za maghorofa ya Ghuba kwenye simu yake hahitaji maelezo zaidi.

Sasa basi, nani aliyewahurumia? Nitasema wazi kwamba huruma ilikuwapo tangu mapema, na si Wajerumani waliobuni vyama vya kusaidiana. Waskoti walikuwa na chama chao mjini Boston tangu 1657, na kingine Philadelphia tangu 1747. Kulikuwa pia na wafadhili wa nje. Katika miaka ya 1750 waungwana wa London na Philadelphia walianzisha shule za hisani kwa ajili ya watoto wa Kijerumani wa Pennsylvania. Mpango ulikuwa na fedha na majina makubwa, lakini ulikuwa na kasoro moja: lengo lake lilikuwa kuwageuza Wajerumani wawe Waingereza kabla hawajawa wengi kupita kiasi. Christoph Sauer, mchapishaji wa Germantown ambaye gazeti lake la Kijerumani lilisomwa mashambani kote, aliinusa hila hiyo na kuishambulia bila kuchoka. Shule zikafa baada ya miaka michache.

Naye Benjamin Franklin, mmoja wa waliozisimamia shule hizo, alikuwa ameandika mwaka wa 1751 insha iliyowabeza Wajerumani hao kuwa ni washamba waliokuja kuifanya Pennsylvania koloni la wageni. Maneno hayo yalifukuliwa na wapinzani wake katika uchaguzi wa Oktoba 1764, na Franklin, kwa umaarufu wake wote, akapoteza kiti chake barazani. Kura za Wajerumani zilichangia. Nalitaja jambo hili kwa sababu miezi miwili tu baadaye watu hao hao walijua kwamba kura yao ina uzito, na walijua pa kuuelekeza.

Sauer mwenyewe alikuwa amekwisha kuonyesha njia. Mwaka wa 1755 alimwandikia Gavana Robert Hunter Morris barua akimweleza unyama wa wenye merikebu, akataja msongamano, vifo na wizi wa masanduku ya wasafiri. Gavana hakufanya la maana. Sauer akafa mwaka wa 1758, vita vikapunguza safari za baharini, na suala likalala. Amani iliporudi merikebu zikarudi pamoja nayo, na zikarudi na wagonjwa na wenye njaa wale wale.

Tarehe 26 Desemba 1764, siku ya pili ya Krismasi, Wajerumani 65 wa Philadelphia walikutana katika shule ya Kilutheri ya barabara ya Cherry. Walikuwa wafanyabiashara, mafundi, wenye mikahawa, na mwanasheria Ludwig Weiss. Wakaunda chama walichokiita Deutsche Gesellschaft von Pennsylvanien, Chama cha Wajerumani cha Pennsylvania. Rais wa kwanza waliyemchagua alikuwa nani? Johann Heinrich Keppele, yule yule wa merikebu ya watu 312 na nusu. Alikuwa ameishi Marekani miaka 26, alikuwa tajiri, na angeweza kuisahau safari ile. Hakuisahau.

Hapa ndipo nataka msomaji atulie nami kidogo. Chama kile kilifanya mambo ambayo chama chochote cha hisani kingefanya. Kiliwasaidia wagonjwa na maskini waliokuwa wamewasili, na baadaye, kilipopata hati ya kutambuliwa kisheria mwaka wa 1781, kikaingia pia katika elimu na kuwasomesha vijana. Lakini siyo hiyo iliyokuwa shughuli yake ya kwanza. Shughuli yake ya kwanza, hata kabla ya wiki kadhaa kupita, ilikuwa kuandika mswada wa sheria na kuupeleka mbele ya Baraza la koloni. Wanachama walikuwa wameketi wakahesabu, wakaona kwamba mkate utamwokoa mtu mmoja kwa siku moja, ilhali merikebu zitaendelea kuja.

Mswada ule ulikutana na upinzani, kama inavyotarajiwa pale ambapo faida ya wakubwa inaguswa. Gavana John Penn, mjukuu wa mwanzilishi wa koloni, alikataa kuutia saini mara ya kwanza. Chama hakikusambaratika. Kilirudi tena, na tarehe 18 Mei 1765 sheria ikapita. Ilikuwa miezi mitano hivi tangu ule mkutano wa shuleni.

Na sheria yenyewe ilisema nini? Hapa napenda jinsi ilivyoshuka mpaka kwenye vitu vidogo. Sheria ya zamani ya mwaka wa 1750 ilikuwa imetaja urefu na upana wa mahali pa kulala abiria, ikasahau kimo. Manahodha wakaitumia nafasi hiyo: wakapanga vitanda kimoja juu ya kingine kama rafu za duka, mtu asiweze hata kuketi. Sheria mpya ikataja kimo. Ikataka kila merikebu iwe na tabibu na sanduku la dawa, abiria wapewe dawa bila malipo, sehemu za kulala zifukizwe kwa moshi wa lami na kuoshwa kwa siki ili kuua uvundo. Ikaweka kikomo kwa faida ambayo nahodha angejipatia kwa kuwauzia abiria bidhaa safarini. Ikataka masanduku ya wasafiri yaandikiwe stakabadhi. Ikataka pia maofisa wanaokagua merikebu waandamane na mkalimani wa Kijerumani, ili abiria aweze kusema mwenyewe yaliyomsibu badala ya nahodha kumsemea.

Ni mtu aliyelala katika kitanda kile tu anayeweza kujua kwamba tatizo ni kimo. Waungwana wa London wasingalijua. Ndiyo maana nasema kwamba tofauti kati ya shule zile za hisani na chama kile haikuwa katika wingi wa fedha. Wale wa shule walikuja na jibu mkononi, hawa walikuja na kumbukumbu ya safari.

Baada ya hapo chama kiliajiri mawakili wa kuwatetea wahamiaji mahakamani dhidi ya manahodha na mabwana waliovunja mikataba. Hebu fikiria: mtu aliyetua jana, asiyejua neno la Kiingereza, mwenye deni shingoni, anasimama mbele ya hakimu akiwa na wakili. Habari za chama zikaenea, na miji mingine ikaiga. Wajerumani wa Charleston waliunda chama chao mwaka wa 1766, wa Baltimore mwaka wa 1783, na wa New York mwaka wa 1784, ambako Jenerali von Steuben, shujaa wa vita vya uhuru wa Marekani, alipata kuwa rais wake.

Sitaki kuwapamba watu hawa kupita kiasi. Hawakuufuta mfumo wa kuuza mikataba. Waliudhibiti tu, nao ukaendelea kwa zaidi ya nusu karne mpaka ulipofifia katika miaka ya 1820. Miongoni mwa Wajerumani waliokwisha kutulia walikuwamo walionunua mikataba ya wenzao na kuwatumikisha mashambani, kwa hiyo udugu wa lugha haukuwa kinga. Tena katika bandari ile ile walikuwapo Waafrika ambao mkataba wao haukuwa na mwaka wa mwisho, na hao hawakuwa na chama chenye rais tajiri. Ni kweli kwamba mwaka wa 1688 wakazi wanne wa Germantown walitoa waraka wa kupinga utumwa, mojawapo ya nyaraka za kwanza za namna hiyo katika makoloni ya Waingereza, lakini Pennsylvania haikuanza kuufuta utumwa mpaka 1780, tena polepole. Huruma ya chama cha 1764 iliishia mpakani pa Ujerumani. Atakayewasifu bila kulitaja hilo atakuwa anasimulia nusu.

Pamoja na hayo, narudi mtaani kwetu. Serikali yetu iliwahi kupiga marufuku upelekaji wa wafanyakazi wa nyumbani Mashariki ya Kati, ikafuta leseni za mawakala mwaka wa 2014, na baadaye mlango ukafunguliwa tena. Kila linapotokea la kutisha tunapiga kelele, kisha tunachanga. Sisemi tusichange, binti wa jirani yangu yu hai kwa sababu tulichanga. Nasema kwamba tunao Keppele wetu. Wako wanawake mamia kwa mamia waliorejea kutoka Ghuba ambao wanajua kimo cha kitanda, kwa maana kwamba wanajua ni kifungu kipi cha mkataba kinachobadilishwa njiani, ni saa ngapi simu inapopokonywa, ni ofisa gani wa ubalozi asiyepokea simu, ni lugha gani iliyoandikwa kwenye karatasi waliyotia saini uwanja wa ndege. Maarifa hayo hatujayaandika popote. Wanaoitwa kwenye mikutano ya kutunga sera ni mawakala na wataalamu, na mabinti hao wanaitwa kwenye televisheni kulia.

Vyama vyetu vya ustawi, vya mitaani na vya ng'ambo, vina mweka hazina na vina mwenyekiti. Ni vichache vyenye mwanasheria, na ni vichache zaidi vilivyowahi kumpelekea mbunge rasimu ya kifungu cha sheria na kumwambia wazi kwamba kura zetu zinakifuata. Ikiwa wafanyabiashara na wenye mikahawa 65 waliweza kufanya hivyo kabla ya theluji ya majira yale kuyeyuka, sioni kwa nini mtaa wetu, wenye wakazi wengi kuliko Philadelphia ya wakati ule, usiweze.

Jumapili iliyopita nilimwomba katibu wa mchango anionyeshe daftari lake. Majina ya waliotoa yamo yote, na kiasi cha kila mmoja hadi shilingi ya mwisho. Jina la wakala halimo, wala tarehe ya kusafiri, wala nakala ya mkataba. Tumekubaliana na binti, ambaye mkono bado unamuuma, kwamba wiki ijayo ataketi nasi aeleze kila kitu tangu siku alipotoka nyumbani kwao, na katibu ataandika. Wenzake wawili waliorudi kabla yake wamesema nao watakuja.